Altezza, Subaru au Mark II: kwa nini farasi wa kwenye karatasi hawakufika Kikafu

Ukitoka Moshi kuja Arusha, barabara inaporomoka mpaka daraja la Kikafu, halafu inaanza kupanda kuelekea Boma Ng'ombe. Hapo ndipo malori hugeuka kobe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunarudi Arusha kutoka msibani Marangu, magari mawili: mimi na Toyota Altezza yangu, shemeji na Subaru Forester yake ya turbo. Kila gari lilikuwa na watu wanne na mikungu ya ndizi kwenye buti, maana hakuna anayetoka Uchagani mikono mitupu. Tukakwama nyuma ya lori la mchanga. Tulipomaliza kupandisha, mstari wa katikati ukakatika na mbele kukawa kweupe. Shemeji akawasha indiketa, akalipita lori kana kwamba limeegeshwa. Mimi nikafuata, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikalia kwa sauti tamu kabisa. Nilipofika usawa wa matairi ya nyuma ya lori nikaona taa za basi zinakuja. Nikarudi kwenye foleni kimya, nikala mchanga mpaka Boma.

Kuachwa hakukuniuma. Kilichoniuma ni hesabu. Altezza yangu, kwa nilivyoamini siku ile, ilikuwa na nguvu za farasi 210. Forester ile ina 220. Tofauti ni farasi kumi tu, na langu ni gari la spoti, lake ni la kupelekea watoto shule. Inakuwaje?

Swali hilihili ndilo linalokesha kwenye vijiwe. Pita sehemu yoyote ya kuoshea magari Jumamosi, iwe Njiro, Sakina au Pasua kule Moshi, utakuta machalii wamezungukana na simu mkononi: huyu anasoma farasi wa Supra, yule anasoma wa Skyline, wa tatu anaapa kwamba Mark II ya mjomba wake iliwahi kuiacha Evo, ile Mitsubishi Lancer ya mbio. Na siku hizi mjadala umepamba moto zaidi, kwa sababu magari ya Kijapani ya miaka ya tisini yamepanda bei duniani kote. Wamarekani wanaruhusiwa kuyaingiza kwao bila masharti ya kawaida yakishatimiza miaka 25, basi wanayagombania. Kila mtu anataka kujua lipi lilikuwa kali kweli. Wengi wanalinganisha namba ambazo hazilinganishiki.

Farasi, msokoto na ndoo za maji

Tuanze na farasi mwenyewe. Kwenye karatasi za Kijapani nguvu huandikwa kwa alama PS, na maana yake haina uchawi: PS moja ni kunyanyua kilo 75 mita moja kwenda juu ndani ya sekunde moja. Mtu mzima wa kilo 75 akikimbia kupanda ngazi, na kila sekunde akawa ameinuka mita moja, kwa sekunde hizo chache yeye ni farasi mmoja kamili. Akifika ghorofa ya tatu ameshakuwa punda, lakini hiyo ni habari nyingine. Kipimo hiki chimbuko lake ni James Watt, Mskoti wa karne ya 18 aliyetaka wateja wake waelewe mashine yake ya mvuke inachukua nafasi ya farasi wangapi. Farasi wa Kiingereza, HP, amemzidi wa PS kwa kama asilimia moja na nusu. Msigombane kwa hilo.

Neno la pili ni msokoto, ile nguvu ya kuzungusha ambayo karatasi huiandika kwa Nm. Hii umeiona barabarani mara nyingi. Umepata pancha, nati zimekaza, unaning'inia kwenye spana na hazisogei. Anakuja fundi, anachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, anasukuma kwa mkono mmoja, nati inaachia. Mkono wake hauna nguvu kuliko mwili wako mzima. Ameongeza msokoto.

La tatu ni mizunguko, ule mshale wa RPM, yaani injini inazunguka mara ngapi kwa dakika.

Sasa yaunganishe kwa kuchota maji. Una pipa la kujaza. Mtu mmoja anabeba debe zima la lita 20, anatembea taratibu. Mwenzake ana kindoo cha lita 10, lakini anakimbia na kwenda safari mara mbili zaidi. Jioni mapipa yao yako sawa. Ukubwa wa ndoo ndio msokoto, idadi ya safari ndiyo mizunguko, na maji yaliyoingia kwenye pipa ndio farasi. Kwa anayependa hesabu: zidisha Nm kwa mizunguko, gawanya kwa 7,024, umepata PS.

Kinachosahaulika ni kwamba namba ya farasi inayotangazwa ni ya kilele tu. Ni maji ya yule mkimbiaji wakati anakimbia kuliko anavyowahi kukimbia.

Altezza RS200 ya gia za mkono, ile yenye injini ya 3S-GE, inatoa farasi 210 injini ikiwa kwenye mizunguko 7,600. Msokoto wake mkubwa kabisa ni Nm 216, na unaupata kwenye 6,400. Kindoo kidogo, mbio nyingi. Forester XT ya cc 2000 ya kizazi cha pili inatoa farasi 220 kwenye 5,600, lakini msokoto wake ni Nm 309, tena kwenye mizunguko 3,600 tu. Huyo ana debe.

Rudi nyuma ya lori la mchanga. Mshale wa RPM uko kwenye 3,600, gari limejaa watu, unakanyaga. Forester: 309 mara 3,600 gawanya kwa 7,024, ni farasi 158 papo hapo. Altezza, hata tukiihurumia tukaipa msokoto wake wote wa kilele mahali ambapo haujafika, inatoa farasi 110. Kumbe tofauti wakati ule haikuwa farasi kumi. Ilikuwa karibu hamsini. Ningeshusha gia mbili ili injini ipande juu ningepunguza pengo, na dereva mzuri wa Altezza hufanya hivyo bila kufikiri. Lakini kuendesha kwa mizunguko 7,600 ukiwa na shangazi aliyetoka kuzika ni jambo lingine.

Hewa ya mlimani

Hapa ndipo sisi wa huku juu tunapotofautiana na wanaosoma namba hizohizo wakiwa Dar. Injini inachoma petroli kwa kutumia hewa, na namba za kiwandani hupimwa au kurekebishwa zilingane na hewa ya karibu na usawa wa bahari. Arusha mjini tuko mita kama 1,400 juu. Msukumo wa hewa hapa ni takribani asilimia 85 ya ule wa pwani. Moshi, mita 800 hadi 900, uko kwenye asilimia 90 hivi. Injini isiyo na turbo inavuta kilichopo, basi. Farasi 210 wa Altezza, wakifika Arusha, wanabaki kama 180 hata kama gari limetoka kiwandani jana. Wageni wanaopanda Kilimanjaro wanalijua hili kwenye mapafu yao.

Turbo ni mvukuto. Ni ule wa mhunzi, isipokuwa huu unazungushwa na moshi wa injini yenyewe unaotoka kwenye ekzosi. Unaishindilia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingevuta yenyewe. Ukipanda mlimani hewa ikawa nyepesi, mvukuto unazunguka zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu, ingawa si wote. Ndiyo maana gari la turbo na lisilo na turbo yaliyolingana Kigamboni hayalingani Ngaramtoni. Ukisikia mtu wa Dar anasema Altezza yake ilimkalia Subaru shingoni, usimwite mwongo.

Mvukuto una kasoro yake, na ukipepea jiko la mkaa unaijua: unapepea, unasubiri, ndipo moto unakolea. Turbo za zamani zilikuwa hivyo. Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975 ilisifika kwa farasi 260 na ilisifika vilevile kwa kuwashangaza madereva. Ulikanyaga katikati ya kona, hakuna kitu, halafu nguvu zote zikaja kwa pamoja wakati hutaki.

Kilo

Nimeona watu wakibishana saa nzima kuhusu farasi bila yeyote kuuliza gari lina uzito gani. Gawanya kilo kwa farasi, upate kila farasi anabeba kilo ngapi. Namba ikiwa ndogo, gari jepesi kukimbia. Altezza RS200, kama kilo 1,340 kwa farasi 210: kila mmoja anabeba 6.4. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989, ile R32 ambayo picha yake iko kwenye simu za nusu ya machalii wa Chuga, kilo 1,430 kwa farasi 280: ni 5.1. Subaru Impreza WRX ya mwaka 1992, kilo kama 1,220 kwa farasi 240: nayo 5.1. Ndiyo, ileile. Gari ambalo pale kijiweni linawekwa daraja la pili linabeba mzigo sawa na mfalme.

Halafu kuna Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973. Farasi 210, sawa na Altezza, lakini toleo lake jepesi halifiki hata kilo 1,000. Kila farasi ana kilo chini ya 5. Gari lililozaliwa miaka 25 kabla ya Altezza linafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 5.8, na halina turbo wala kompyuta.

Kwa hesabu hiyohiyo, watu wanne wa kilo 75 ni kilo 300. Ukiwapakia kwenye Altezza, bila ndizi, kila farasi anatoka kwenye 6.4 kwenda 7.8. Hiyo ndiyo namba ya Eunos Roadster ya mwaka 1989 ikiwa tupu, kigari cha cc 1600 chenye farasi 120 na kilo 940.

Mshahara wa kwenye karatasi

Sasa tuje kwenye mtego uliowanasa wengi wanaolinganisha magari ya zamani na ya zamani zaidi. Mfanyakazi yeyote anajua kwamba kuna mshahara wa kwenye mkataba na kuna ule unaoingia kwenye simu mwisho wa mwezi, baada ya kodi, mfuko wa hifadhi na bodi ya mikopo. Farasi nao wako hivyo.

Zamani viwanda vingi viliipima injini ikiwa peke yake juu ya stendi. Imevuliwa sailensa ya kawaida, feni, alteneta na kila kinachoweza kuila nguvu. Hizo ni farasi kabla ya makato. Marekani waliachana na mtindo huo kuanzia magari ya mwaka 1972, wakaanza kupima injini ikiwa imevaa vifaa vyake vyote. Chevrolet Corvette ya kawaida ilikuwa na farasi 270 mwaka 1971. Mwaka 1972 ikaandikwa 200. Mpaka leo wapo wanaosema Wamarekani waliharibu magari yao mwaka ule. Ni kweli injini zilikuwa zimeanza kupunguzwa makali kwa ajili ya sheria za moshi, lakini sehemu kubwa ya hao farasi 70 hawakuwahi kuwepo barabarani.

Wajapani walifuata katikati ya miaka ya themanini. Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86, mwaka 1983, zilitangazwa kwa farasi 130, kabla ya makato. Injini ya ukoo uleule kwenye Corolla iliyofuata, kwa kipimo kipya, ikaandikwa 120. Anayekwambia AE86 ilikuwa na nguvu kuliko ile iliyoirithi anasoma mkataba, hajaona salio.

Makato hayajaisha. Namba hiyo ya pili nayo ni ya injini. Kabla ya kufika kwenye tairi, nguvu inapita kwenye gia, shafti na difu, na kila mmoja anachukua chake, yaani asilimia 15 hivi kwenye gari la kawaida, na zaidi kidogo kwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne. Kwa hiyo mtu akikuonyesha karatasi ya mashine ya roli, ile inayopima nguvu kwenye matairi, inayosema Impreza yake ina farasi 200, na kitabu kinasema 240, gari lake linaweza kuwa zima kabisa.

Wajapani walifanya kituko kingine. Kuanzia mwaka 1989 viwanda vyao viliwekeana makubaliano ya kiungwana kwamba hakuna atakayetangaza gari lenye zaidi ya PS 280 kwa soko la ndani. Fikiria wauza nyanya wote wa soko la Kilombero wamekubaliana kuandika bei moja, halafu kila mmoja anajaza sado anavyotaka. Skyline GT-R, 280. Supra, 280. NSX, 280. Mark II Tourer V, 280. Injini za ukubwa tofauti, turbo tofauti, miaka tofauti, zote 280 kamili! Supra hiyohiyo ikipelekwa Ulaya iliandikwa 330, ingawa nozeli na turbo zake zilikuwa tofauti kidogo. Makubaliano yalivunjika mwaka 2004 Honda ilipotoa Legend ya farasi 300. Kwa hiyo kubishana lipi lina farasi wengi kati ya magari ya Kijapani ya kipindi hicho, kwa kusoma namba za Japani, ni kubishana nani mrefu kati ya watu waliopigwa picha wote wamekaa.

Ya mtaani, haraka haraka

"Dashi imeishia 180, gari haliwezi kuzidi hapo." Magari ya Kijapani ya soko la ndani yalidhibitiwa yasizidi kilomita 180 kwa saa, na dashi ikachorwa kuishia hapo. Vitz ina 180. GT-R ina 180. Dashi haijui lolote kuhusu injini. Tena mshale wenyewe una kawaida ya kuzidisha, kwa sababu kanuni za kimataifa zinakubali usome juu kidogo lakini kamwe usisome chini ya mwendo halisi. Ukiona 110, GPS ya simu inaweza kukwambia 104.

"Ni namba E, bado jipya." Herufi za namba zetu zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Impreza ya mwaka 2002 iliyoshuka bandarini mwaka jana itapata namba mpya kama mtoto aliyezaliwa jana.

"Lina cc nyingi, lina mbio." Cc tunaziabudu kwa kuwa ziko kwenye kadi na ushuru unapigwa kwazo. Mazda RX-7 ya mwaka 1991 ina cc 1308 na farasi 255. Mark II GX110 ina cc 1988 na farasi 160.

Na zile sekunde za kutoka sifuri: Wazungu wa Ulaya hupima mpaka kilomita 100 kwa saa, Wamarekani mpaka maili 60, ambazo ni kilomita 96 na ushee. Magazeti ya Marekani mengi huanza kuhesabu baada ya gari kusogea kama futi moja. Usichanganye hesabu za pande hizo mbili.

Kibati cha GXE10

Nilisema mwanzo kwamba niliamini gari langu lina farasi 210. Nililinunua kwenye yadi moja Dar, na nyuma ya buti lilikuwa na maandishi RS200 ya kung'aa. Aliyeniuzia alinisomea sifa zote za RS200, nami nilimaliza miaka miwili nikizirudia kwa wengine.

Baada ya aibu ya Kikafu nikalipeleka gereji Unga Limited, nikamwambia fundi gari limepoteza nguvu. Akafungua boneti, akaangalia injini muda mrefu bila kugusa kitu, kama daktari anayejua jibu na anatafuta namna ya kulisema. Akachukua tambara lenye mafuta ya taa, akafuta vumbi kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa kwenye bodi ndani ya boneti.

"Kaka, soma hapa."

GXE10.

"RS ni SXE10," akasema. "Hii ni AS. Injini ya 1G, plagi sita. Ile ya RS ina plagi nne. Nani alikwambia ni RS?"

Nikamwonyesha maandishi ya nyuma. Akapitisha ukucha pembeni ya herufi S, ikabanduka kidogo. Ilikuwa imegundishwa.

Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kulinganisha magari haya: jina moja, magari mawili. Altezza AS200 ina farasi 160, si 210, na msokoto wa Nm 200. Mark II iko vilevile. Hapa kwetu tumezoea kuliita gari kwa msimbo wake wa kiwandani, GX100, GX110, na wengi hatujui tunasema nini. Herufi za mwanzo ni ukoo wa injini. GX100 ina injini ya ukoo wa G, cc 2000, ya kwendea kazini. JZX100 ina ukoo wa JZ, na Tourer V yake ina turbo, farasi 280 na msokoto wa Nm 378 unaokuja kwenye mizunguko 2,400 tu. Bodi ni lilelile. Mjomba aliyeiacha Evo kwa Mark II huenda hakudanganya, ila mpwa wake anayejaribu kurudia kwa GX100 ataaibika.

Fundi hakuishia hapo. Bomba la mpira linalotoka kwenye chujio la hewa kwenda injini lilikuwa na ufa wa urefu wa kidole, kwenye mikunjo ya chini ambako huuoni mpaka ulikunje kwa mkono. Plagi mbili zilikuwa nyeusi. Kisha akanichuchumalisha kwenye tairi la mbele akanionyesha namba nne pembeni yake: 3109. Maana yake ni wiki ya 31 ya mwaka 2009. Tairi lilikuwa na mifereji mizuri tu, nami nililihesabu zima, lakini mpira ulikuwa umekauka kama kandambili iliyosahaulika juani.

Gari la spoti la miaka 25 ni gari moja tu, lenye historia yake. Namba za kitabu zilipimwa lilipokuwa jipya na, kwa injini nyingi za spoti za Kijapani, likiwa na petroli ya okteni 98 hadi 100 ambayo kwenye vituo vyetu vingi huikuti. Injini ikionja petroli hafifu, kompyuta yake huchelewesha moto wa plagi ili isijiumize, na farasi kadhaa wanabaki zizini. Ongeza pistoni zilizochoka na turbo inayovuja, na ongeza mmiliki wa tatu aliyebadilisha oili siku aliyokumbuka. WRX mbili zilizotoka kiwandani wiki moja zinaweza kupishana leo kuliko WRX na Altezza zilivyopishana zikiwa mpya.

Tena hata mapya, barabara ndiyo inayoamua gari kali maana yake nini. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilionyesha hilo mapema. Mwaka 1974 Porsche ilileta Carrera RS, ileile yenye kila farasi kubeba kilo chini ya 5, chini ya Björn Waldegård. Ilimaliza ya pili. Ya kwanza ilikuwa Mitsubishi Lancer ya cc 1600 ya Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya. Ya tatu ni Lancia Fulvia. Kwa matope, mawe na vumbi la Afrika Mashariki, Porsche haijawahi kuushinda mchezo ule, ingawa ilikaribia zaidi ya mara moja. Kwenye lami ya Ujerumani Lancer ile isingeiona hata taa za nyuma.

Fundi aliziba bomba, akaweka plagi, nikanunua matairi mawili kwa mkopo wa mke wangu. Gari likachangamka. Siku nyingine nikapita tena Kikafu nyuma ya lori, nikashusha gia mpaka ya pili, nikasubiri mshale upande, nikalipita lori kwa raha. Shemeji hakuwepo kuona.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kijiweni Sakina, chalii mmoja amekuja na Mark II nyeupe, ekzosi kama mtungi, anawaeleza wenzake kuhusu farasi 280. Nikamwomba afungue boneti. Nikaazima tambara la mwosha magari, nikafuta kibati, nikampisha asome mwenyewe. Akainama. Akasoma mara mbili. Akafunga boneti taratibu kwa mikono yote miwili, akamgeukia mwosha magari akamwambia asisahau kuzipaka rangi rimu.